Siku Vyungu vya Mama Vilipopasuka

Ninyi mliokulia Lubumbashi wakati mmoja nami, semeni kama nadanganya: mvua za kwanza zilikuwa na harufu yake. Siku hizi inanyesha tu, watu wanalalamikia matope na mtandao. Sisi ilipoanza kupiga lile vumbi jekundu tulitoka mbio na masufuria kuokota kumbikumbi, na wengine tuliwala wakiwa bado wanapapatika. Jioni ilikuwa bukari, ndio ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wa chumvi ambao Papa aliwaleta kutoka Kilwa yetu ya ziwani, na nyumba ikanuka mpaka asubuhi bila mtu kununa. Leo nikiwapikia wanangu bitoyo wanafungua madirisha yote, kisha wananiuliza kama kuna soseji.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Tulikaa Naviundu, na udongo aliuchimba mwenyewe ukingoni mwa mto. Asubuhi ya kwenda kuchimba hakusalimia mtu njiani, na sisi watoto tuliomfuata na ndoo tulifunga midomo, jambo lililokuwa adhabu kubwa kwangu kuliko ndoo yenyewe. Tukirudi alitupa mabaki, tukafinyanga ng'ombe wenye miguu ya urefu tofauti na visahani vya mchezo wa kupika. Mikono ya Mama ilinuka mto hata siku ya kanisa.

Ufinyanzi ule ulikuwa na masharti, na sharti moja lilijulikana na mtaa mzima. Chungu kikipasuka motoni, mwanamke aliyekifinyanga ametoka nje ya ndoa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Hatachoma tena, wala mume hataingia ndani, mpaka akae mbele ya dada za mume na kulitaja jina la mwanamume.

Mwaka ule kulikuwa na harusi kwenye avenyu yetu, na Mama akaombwa vyungu vya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Mvua haikukatika. Vyungu alivikausha ndani, karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, akivigeuza kama anavyogeuzwa mtoto mchanga. Harusi ilipokaribia, jua likatoka asubuhi moja, akavipanga uani, akavifunika majani makavu na maganda ya miti, akawasha. Papa alikuwa safarini na lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu, huko upande wa Kasomeno, ambako mvua ikinyesha dereva analala barabarani hata wiki.

Cha kwanza kilipopasuka nilidhani ni tairi. Kisha kingine, kisha vikafuatana, vigae vikaruka juu ya majani yanayowaka. Majirani walitoka. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Mwanamke mmoja aliegemea ua akasema taratibu, "Ee, Mama Odile. Papa ya batoto iko ku barabara, na byungu biko nasema."

Odile ni mimi. Jina langu ndilo walilomwitia mama yangu siku ile, na kwa muda mrefu sikupenda kuitwa.

Papa aliporudi alikuwa ameshaambiwa njiani. Alilala ndani ya lori, mbele ya nyumba yake mwenyewe, ili kila mtu aone. Shuleni wasichana walikuwa wakiruka lastiki. Nilipofika, ile lastiki ilikunjwa na kutiwa mfukoni. Nilimwonea haya mama yangu. Nikienda naye sokoni nilitembea nyuma kidogo, kama mtu anayekwenda kwingine. Nilikuwa na hakika kwamba amefanya, kwa sababu nilivisikia vyungu kwa masikio yangu.

Dada za Papa walikuja Jumapili. Sisi watoto tulipelekwa ng'ambo ya barabara kwa Mama Zaina, mjane wa fundi cherehani, familia ya Waislamu wa Maniema. Marehemu mumewe ndiye aliyetushonea sare za shule, na alikuwa amefariki kabla ya mvua zile. Mama Zaina na mama yangu waligawana kila kitu, chumvi, makaa ya moto, hata kugombeza watoto. Alitupa maandazi, akamkalisha mdogo wangu mapajani.

Kabla ya jioni kikao kilikuwa kimekwisha. Papa aliingia ndani, akanawa, akala bukari yake. Mama hakugusa udongo tena maisha yake yote. Na siku chache baadaye Mama Zaina aliacha kuja kwetu kuomba makaa. Tukipita kwake alituangalia kama watoto wa mtaa mwingine. Nilidhani naye amechukizwa, kama wengine.

Watu wanaponiuliza leo nilikuwaje mfinyanzi, najibu "kwa ajili ya mama yangu," halafu nageuza mazungumzo. Ukweli ni kwamba nilikwenda shule ya sanaa nikifikiria rangi na brashi, nikapangiwa ufinyanzi kwa sababu darasa la uchoraji lilikuwa limejaa. Mwaka wa kwanza sikuthubutu kuchoma kitu. Kisha nikaanza kufinyanga vyungu vyenye matundu madogo mwili mzima, na wageni wa maonyesho wakavipenda sana. Waliona ndani yake nyota, pumzi za mababu, sijui nini. Yalikuwa matundu ya woga. Nilivitoboa ili visipate sababu ya kupasuka mbele ya watu.

Sababu yenyewe niliifahamu darasani, asubuhi ya kawaida. Mwalimu alishika kigae akasema kwamba chungu kinene kikikauka juu, kitako bado kina unyevu. Moto ukija haraka, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia. Akaendelea na habari za rangi. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba, uso unawaka kwa aibu. Nikaiona tena mvua ile, na Mama akigeuza vyungu kando ya mbabula, na haraka ya harusi. Hakuwa na hatia siku zote, na mimi nilikuwa nikitembea nyuma yake.

Lakini nitamwambiaje? Habari ile haikutajwa nyumbani hata mara moja. Nikaanza kufundisha, nikawaeleza wanafunzi mwaka hadi mwaka habari ya mvuke, na mama yangu mwenyewe sikumwambia. Papa alifariki bila kuambiwa. Mwaka huu, nikimsuka Mama nywele zake zilizobaki, maneno yalinitoka. Nilimweleza yote, unyevu, kitako, moto wa haraka. Nilidhani atalia.

"Odile," akasema, "tangu ile siku miye niliyuaka kama shikufanya kitu. Sasa unanielezea miye?"

"Mais Mama, kama ulijua, kwa nini ulikubali? Ulisema jina."

"Ba tantine yako balikuwa banataka jina. Kama shisemi, papa yako haingie mu nyumba, na mulikuwa bado batoto. Nikatafuta mwanaume gani habatamupiga. Nikasema Papa Zaina, juu alikuwa ameshakufa. Mufu, nani atamupiga?" Alishika mkono wangu uliokuwa na kitana. "Enda umuelezee Mama Zaina. Ye njo hayue kama nilidanganya."

Mama Zaina bado yuko Naviundu, kwa binti yake. Mama hakutaka kuja nami. Nilikaa kwenye mkeka nikaeleza ile habari ya mvuke niliyoizoea, na kila sentensi ilinitia aibu zaidi, maana ilikuwa fupi na rahisi mno. Nilipomaliza alivuta ushungi wake.

"Ba tantine yako njo balikuyaka kuniambia," akasema. "Balifikiri banisaidia. Odile, tangu ile siku ule mubaba shikumuombeaka dua. Ata moya. Ata ku Idi. Nilimuacha kule peke yake."

Kwa aibu niliinama nikaangalia miguu yangu. Aliniuliza kama mama yangu ni mzima, nikasema ndiyo. Hakusema aje, wala hakusema asije.

Wenzangu, zamani zetu zilikuwa na utamu wake, na mimi ni wa kwanza kuzisifu. Tulilelewa na mtaa mzima. Lakini mtaa ule ule uliotupa maandazi ndio uliosimama uani kusikiliza vyungu. Vijana wa sasa hawasikilizi kitu. Juzi chungu cha mwanafunzi wangu mmoja kilipasuka ndani ya tanuri, na darasa zima likapiga makofi. Mwenyewe alipiga picha vigae, akawatumia rafiki zake, akacheka na majibu yao.

"Madame, kosa iko wapi?" akaniuliza.

"Hukukausha vizuri. Maji yalibaki."

"Kumbe ni kitu kidogo," akasema, akachukua ufagio.

Nilimjibu kwamba ndiyo, ni kitu kidogo, kisha nikageukia dirisha ili wasinione uso.