Mimba ya Kwanza na Choo cha Uani

Nilipopata mimba yangu ya kwanza tulikuwa tunakaa Observatory, mtaa wa mlimani upande wa mashariki wa Johannesburg, katika nyumba kubwa ya zamani ambayo mwenyewe alikuwa ameigawa vyumba vyumba na kuipangisha. Vyumba sita, jiko moja, choo kimoja. Choo chenyewe kilikuwa uani, nyuma ya nyumba, na mlango wake wa bati ulikuwa mfupi kwa chini, kiasi kwamba aliyesimama nje aliiona miguu ya aliye ndani. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza tangu nitoke Tanga kumfuata mume wangu, aliyekuwa akiuza mashuka na mapazia mjini. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na cha kununulia mkate. Kizulu sikujua hata neno.

Kliniki walinipima damu, wakasema iko chini, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nimeze kimoja kila siku. Nilivimeza bila kuuliza. Ikaingia Juni na baridi yake, ile baridi kavu ya Joburg inayopasua midomo. Maji nikaacha kunywa, kwanza kwa sababu kiu sikuisikia, pili kwa sababu kila glasi ya maji ilikuwa na safari yake ya kwenda uani. Chakula kilikuwa ugali na mkate, mkate na ugali. Nikafunga choo.

Siku ya pili husemi kitu. Siku ya nne tumbo limekaza, chakula kinakukinaisha, na mtoto mwenyewe unamwonea huruma kwa kubanwa. Siku ya sita niliingia chooni asubuhi, nikakaa juu ya kile kikalio cha baridi mpaka miguu ikafa ganzi. Nje kulikuwa na mpangaji wa chumba cha mbele, mlinzi, ametoka zamu na anataka kuingia. Aligonga mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili akakohoa. Nikaona viatu vyake chini ya mlango, vinasogea huku na huku. Nikajifunga kanga yangu nikatoka vilevile nilivyoingia, machozi yananitoka.

Pale kwenye bomba alikuwepo jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msusi wa nywele, mtu mzima kuliko mimi kwa miaka kama kumi. Tulikuwa tukisalimiana tu. Aliacha ndoo yake.

"Mama, unalia nini? Ni mtoto?"

"Hapana, dada. Mtoto mzima."

"Basi ni nini?"

Nikaangalia chini. "Haja kubwa. Haitoki."

Niliogopa atacheka. Hakucheka. "Siku ngapi?"

"Sita."

"Siku sita! Na kwa nesi ulisema?"

"Naona haya."

"Haya ya nini? Kwani nesi yeye haendake choo?"

Kesho yake hakwenda saluni, alinipeleka kliniki mwenyewe. Alizungumza na nesi kwa Kiingereza na vipande vya Kizulu, mimi nimekaa kama mtoto aliyeletwa na mamake. Nesi alinipapasa tumbo, akauliza nakula nini, nakunywa nini. Akasema vidonge nisiache, vinafunga choo kweli lakini damu naihitaji. Akanipa dawa ya maji, tamu, ya kulainisha. Ninywe maji hata kama sina kiu, nile matunda na mboga na maharage, nitembee kila siku. Nikikaa chooni niweke miguu juu ya kitu. Haja ikija nisiizuie. Na mafuta ya mbarika, ambayo mama mkwe wangu alikuwa ameyasisitiza kwa simu baada ya mume wangu kumweleza hali yangu, nisiyaguse. Mwisho alisema neno moja huku akinitazama, na jirani akalitafsiri: "Anasema usijikamue."

Sikuuliza kwa nini. Laiti ningeuliza.

Kuanzia siku ile yule dada alinifanya kazi yake. Asubuhi ananigongea na kikombe cha maji ya vuguvugu. Papai analileta limeshakatwa. Lenga-lenga, ule mchicha wao, anaupika na maharage na kunisimamia mpaka niumalize. Kisha tunapanda mlima polepole mpaka juu barabarani, tunarudi. Alitafuta kreti la soda akaliweka chooni kwa ajili ya miguu yangu. Nikiingia, yeye anasimama mlangoni. Mlinzi akija anamwambia kwa Kizulu, "Linda, bhuti." Mara ya kwanza nilidhani anamwagiza anilinde. Kumbe kwa Kizulu "linda" ni "subiri", na "bhuti" ni "kaka". Nilicheka peke yangu mle ndani, na nadhani kile kicheko ndicho kilichonisaidia, maana siku ile, ya pili tangu nianze dawa, mambo yalifunguka. Nilitoka nimenyooka kama askari. Yule dada akanitazama usoni akajua bila kuambiwa. Akapiga makofi pale uani, "Bwana asifiwe!" na mimi Mwislamu nikaitikia amina kwa sauti.

Ilikuwa miezi miwili mizuri. Mtoto alikuwa akicheza hasa baada ya chakula cha mchana, mume wangu akiwepo anaweka mkono, anasema huyu atakuwa mchezaji wa mpira.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, jirani alisafiri kwenda Durban kwenye harusi ya mdogo wake, wiki moja na ushee. Mimi nikalegea. Maji nikasahau, mlima peke yangu sikuupanda, na mlangoni hapakuwa na wa kusimama. Siku tatu zikapita, nne. Asubuhi ya tano niliingia chooni, na viatu vikaja chini ya mlango kama kawaida. Safari hii nikasema sitoki. Nikajikamua. Nilijikamua mpaka macho yakaona giza na masikio yakavuma. Nilipata nafuu, nikatoka natetemeka.

Siku mbili baadaye mtoto hakucheza baada ya chakula. Nikanywa maji ya sukari, nikalala ubavu wa kushoto, nikasubiri. Nikagonga tumbo kwa vidole, nikamwita. Mume wangu aliporudi nikamwambia, na la kujikamua nikamwambia, akaita teksi tukaenda kliniki, na kliniki wakatupeleka hospitali. Daktari msichana alizungusha ile mashine tumboni kwa muda mrefu mno. Kisha akaigeuza skrini nisiione. Hapo nilijua, kabla mume wangu hajaelezwa na kabla hajanishika bega.

Walinichoma dawa ya uchungu nikamzaa kama wanavyozaliwa wengine wote, kwa uchungu uleule, isipokuwa mwisho wake palikuwa kimya. Alikuwa wa kiume. Nesi akamfunga kwenye kitambaa cheupe akamleta, akaniuliza kwa ishara kama nataka kumshika. Nikageukia ukutani. Walidhani ni woga. Haukuwa woga. Nilikuwa nimekatazwa kujikamua, nikajikamua, na mtoto amekufa, sasa ningemtazamaje usoni?

Mume wangu na wanaume wa msikitini walimwosha, wakamvisha sanda, wakamzika. Mimi nilibaki kitandani na maziwa yaliyojaa kifuani bila mnyonyaji. Jirani alirudi siku ya tatu, akaingia chumbani kwangu na begi lake la safari bado mkononi, akakaa chini sakafuni akalia kuliko mimi.

Wiki ileile mama mkwe alipiga simu. Mume wangu aliweka sauti ya nje ili nipokee pole. Pole alitoa. Kisha akasema, "Si mlisema alikuwa anajikamua chooni? Basi ndiko huko alikomharibia mtoto."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameikodolea sakafu macho. Nilingoja aseme kitu, chochote. Akasema, "Haya mama, tutaongea." Akakata simu, akatoka nje. Nadhani katika siku zote zile, hiyo ndiyo iliyonivunja kabisa. Jambo nililokuwa nikiliogopa kichwani mwangu sasa lilikuwa limesemwa kwa sauti, na hakuna aliyelikataa.

Tuliishi hivyo wiki sita, hatuna la kuongea ila kuombana chumvi. Wiki ya sita nilitakiwa kurudi kliniki, jirani akanisindikiza. Nesi alikuwa yuleyule. Alipomaliza kunipima nikamwambia jirani, "Muulize kama ni mimi niliyemuua."

"Mama, sitauliza maneno ya hivyo."

"Uliza, dada. Mwambie alinikataza kujikamua, na mimi nilijikamua."

Akauliza. Nesi akaweka kalamu chini, akazunguka meza, akaja kuchuchumaa mbele yangu. Alisema kwa Kiingereza cha polepole, cha maneno mafupi, nikaelewa kabla sijatafsiriwa: hapana. Kujikamua hakuui mtoto tumboni. Alinikataza kwa ajili ya bawasiri, na maumivu, basi. Wakati mwingine kondo la nyuma linachoka, wakati mwingine chanzo hakijulikani hata wakipima, na kwa mtoto wangu hawakujua. Kisha akaniomba radhi kwa kutonieleza sababu siku ile.

Nilitarajia kutoka pale mwepesi. Njia nzima nililia, pale kwenye robot, taa za barabarani, magari yanatusubiri tuvuke na mimi nimesimama tu. Wiki sita nilikuwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sasa hapakuwa na yeyote, na mtoto bado hakuwepo.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anakunja mashuka ya biashara.

"Nesi amesema si mimi."

Akasema, "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Daktari aliniambia hospitali, siku ileile."

"Na mama yako aliposema vile?"

Alikunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilishindwa," akasema. "Ningefungua mdomo ningelia, na mama yangu hajawahi kunisikia nikilia."

Nilimwambia mambo mengi siku ile, mengine siwezi kuyaandika. Hakujitetea. Nilipomaliza akachukua simu akampigia mama yake mbele yangu, akamweleza alivyoelezwa na daktari, na kweli alilia. Kisha mama mkwe akaomba nipewe simu. Hakusema nisamehe. Alisema, "Mwanangu, unakula?" Nikamjibu nakula. Ndipo nilipojua kwamba sitayasahau aliyosema, na kwamba nitaendelea kuitika simu zake.

Tulipobaki wawili nikamwomba mume wangu anieleze mtoto alivyokuwa, maana yeye ndiye aliyemwosha. Akasita, nikamwambia nieleze vyote. Akasema alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala. Vidole virefu. Masikio yangu, haya madogo yaliyobana kichwani. Kwenye paja la kushoto alikuwa na alama ya kuzaliwa, kama doa la chai. Nilimfanya arudie, na mara ya pili akakumbuka kidevu.

Jumapili iliyofuata alinipeleka makaburini. Upande wa watoto vifusi vyao ni vifupi, vimepangwa karibu karibu. Alitafuta namba, akaipata. Nilipiga magoti nikang'oa majani mawili matatu yaliyokuwa yameota. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumgeuzia uso, lakini maneno hayakuja, nikasoma Fatiha tu.

Siku hizi tunakaa Turffontein, chumba na choo chake ndani. Yule dada alihamia Cape Town, bado tunapigiana. Tuna binti wa miaka mitano. Mimba yake ilinifunga choo vilevile, na safari hii nilimwambia nesi siku ya pili, mwenyewe, kwa Kiingereza changu kibovu, na nikauliza kwa nini kwa kila alichonikataza. Alizaliwa analia, na kwa kilio kile nilizimia kwa furaha, wanasema.

Kina mama wa wenzake wa shuleni huniuliza nina watoto wangapi. Nikiulizwa kwa Kiswahili nasema wawili, mmoja yuko mbele ya haki, na muulizaji anajua la kusema. Nikiulizwa kwa Kiingereza nasema mmoja. Sijajua bado namna ya kumtaja yule mwingine kwa lugha hiyo, na kila ninaposema mmoja, moyo unaniuma upya.