Kibao Nilichokiamini

Tangu serikali inipunguze kazini, mimi Otis naandika mabango hapa Homa Bay. Mwezi uliopita ajenti wa kazi za Uarabuni aliniagiza kibao. Chini ikabaki nafasi tupu, na mimi sipendi nafasi tupu, nikajazia kwa akili yangu: TUMESAJILIWA NA SERIKALI.

Wiki iliyofuata foleni ya ofisini kwake ilifika barabarani. Nikajiambia, watu wote hawa hawawezi kukosea. Nikapanga laini na vyeti vyangu.

Ajenti akatoroka na vyeti vyetu. Tukaenda polisi, kibao nimekibeba mimi kama ushahidi.

“Nani aliwaambia amesajiliwa?” afande akauliza.

“Si imeandikwa hapa!” nikafoka kuliko wote.

Akainama, akasoma maandishi madogo pembeni mwa kibao: “‘Kazi safi ya Otis.’ Otis ni nani?”

Laini nzima ikanigeukia.