Mkunga wa Mayai Tisa

Mikono ya Bi Mwanawema ni mifupi na minene, na vidole vyake havijazoea pete. Kwa mikono hiyo amewapokea watoto wa Ole miaka ishirini na saba, wengine katika kituo cha afya, wengine juu ya mikeka ya nyumbani kwao, mmoja ndani ya gari la ng'ombe siku ambayo mvua iliila barabara. Wapo vijana wenye ndevu wanaomwamkia njiani kwa adabu iliyozidi, kwa sababu mama zao waliwaambia kuwa yule ndiye aliyewashika wa kwanza. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Anaishi na mama yake, Bi Ummkulthum, katika nyumba ya matofali yenye ua mdogo nyuma, na baada ya ua ni muhogo mpaka bondeni.

Bi Ummkulthum amepita miaka themanini. Akili yake huja ikaondoka. Majina ya wajukuu yamemtoka, na kuna siku humuuliza binti yake kama chai imeshapelekwa kwa mume wake, aliyezikwa zamani. Kilichobaki imara ni bata. Aliolewa kutoka kisiwani Makoongwe akiwa na sanduku la nguo na bata wawili weupe ndani ya tenga, na kila bata aliyewahi kutembea katika ua ule alikuwa wa uzao wa wale wawili. Kila asubuhi, akishasali, alitoka na bakuli la chicha za nazi akaita, "Tii-tii-tii," nao wakamjia wakiyumba, yeye akawahesabu kwa jina, mmoja mmoja.

Mwezi wa Machi ngawa, yule paka wa mwitu mla kuku, aliingia uani. Bata wenyewe walikuwa wamepungua, wamebaki wawili tu. Ngawa alianza na dume. Baada ya siku tatu akamchukua jike, aliyekuwa siku ya sita akiatamia chini ya banda la kuni. Asubuhi hiyo Bi Ummkulthum aliita mpaka sauti ikamkauka, halafu akageuka.

"Mwana, bata wako wapi?"

"Ngawa amewala, mama."

Akakaa pale pale kizingitini, bakuli mapajani, akalia.

Bi Mwanawema akaenda kwenye banda la kuni. Mayai kumi na manne yalikuwa palepale, katika manyoya, yamepoa. Aliyakusanya ndani ya kanga, akampigia simu mdogo wake, Haroub, fundi wa friji huko Tibirinzi. Alasiri Haroub alifika na sanduku jeupe la kubebea samaki, lile jepesi kama povu, alilolitoboa kwa chini na kulitia taa mbili, feni ndogo ya kompyuta, bakuli la maji, kipimajoto, na kioo juu cha kuchungulia.

"Dada, hino ndiyo wodi yako," akasema, akilitua juu ya meza ya ukumbini. "Usinicheke. Kuku wameshatotoka humu. Bata sijajaribu."

"Kwani bata wana nini?"

"Wanataka maji zaidi, na subira. Siku thelathini na tano, ukitoa zile sita za mama yao. Na siku tatu za mwisho usifungue kabisa. Ukifungua, unyevu unatoka, ule utando wa ndani unakauka, kifaranga kinabanwa humo humo."

"Kikishindwa kutoka?"

"Kimeshindwa. Hukisaidii. Ukikivuta, kinatoka damu kinakufa mikononi."

Bi Mwanawema akaitazama mikono yake. "Mie, Haroub? Mie nikae nitazame?"

"Ukae utazame."

Huzuni ya mama ingekuwa msiba kama misiba mingine, ingepungua kwa siku. Lakini kesho yake Bi Ummkulthum alitoka na bakuli lake, akaita, akauliza, akaambiwa, akalia upya, machozi ya mtu aliyepata habari sasa hivi. Keshokutwa vilevile. Siku ya nne Bi Mwanawema akaona amdanganye. "Wamekwenda bondeni, mama." Mama alichukua bakora, akashuka bondeni kuwatafuta. Watu walimrejesha adhuhuri, nyayo zimechanika, bado anaita, tii-tii-tii, kwa sauti ya kunong'ona. Tangu siku hiyo binti hakusema tena uongo. Kila asubuhi alimwambia mama yake kuwa bata wamekufa, na kila asubuhi alimwona akipokea habari ile kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana aliyaangalia mayai yale kama ambavyo hakuwahi kuangalia kitu. Aliyageuza baada ya alfajiri, baada ya alasiri na baada ya isha, akifuata alama alizoyachorea kwa penseli. Aliyanyunyizia maji ya vuguvugu kwa ncha za vidole. Siku ya kumi aliyaingiza ghalani, penye giza, akayamulika moja moja kwa tochi ya simu. Matano yalikuwa matupu, akayatoa. Tisa yalikuwa na mishipa myembamba, kama mizizi ya mchicha ikioshwa, na katikati kitu kidogo kilichorukaruka.

Jirani yake, Bi Asya, alikuja kuchungulia kila alipopita.

"Hodi! Wazazi wako hawajambo? Umeshawapa kadi za kliniki?"

"Niachie, Asya."

"Nauliza tu. Na baba yao yuko wapi, mbona haleti matumizi?"

"Baba yao kaliwa na ngawa."

"Heri yake yeye ana udhuru. Wangu hajaliwa na kitu, na chumvi naazima kwako."

Walicheka mpaka Bi Ummkulthum naye akacheka, bila kujua wanachekea nini. Na siku ile ndipo Bi Mwanawema naye alipolisema lile neno la Asya, wazazi. Alimketisha mama yake kitini karibu na sanduku, akamwonesha mwanga ndani ya kioo. "Humu mna wazazi, mama. Wanakaribia kujifungua. Tukae nao." Alilisema kwa lugha ya kazi yake, na kwa mapenzi. Mama aliitika kwa kichwa. Akawa anakaa pale asubuhi na jioni, tasbihi mkononi, na ingawa bado aliuliza habari za bata na bado alilia, kilio kilikuwa kifupi, kwa kuwa alikuwa na wazazi wa kuangalia.

Siku ya thelathini na tatu, ukihesabu na zile sita za mama yao, ilikuwa Alhamisi. Alfajiri Bi Mwanawema aliweka sikio juu ya kioo, akasikia. Mayai manne yalikuwa yameingia ufa, na ndani yake vilio vidogo, vikali, vikiitana yai kwa yai. Alisimama hapo mpaka chai ikapoa. Simu ya kituoni ikaita: mzazi wa mimba ya kwanza, mtoto ametanguliza miguu, gari la wagonjwa limekwenda mjini Chake.

Akamwita Bi Asya. "Kaa na mama. Sanduku asiliguse mtu, asilifungue mtu. Hata nyumba ikianguka."

"Nenda, mkunga. Hafungui mtu."

Kituoni mikono yake ilifanya kazi yake. Ilisubiri pa kusubiri, ikavuta pa kuvuta, ikageuza bega moja, kisha la pili, na baada ya adhuhuri mtoto wa kike alilia kwa hasira mpaka bibi zake wakapiga vigelegele dirishani. Bi Mwanawema alirudi kwa miguu, kanga imelowa jasho, moyo mwepesi, akifikiria vile vilio vingine vinavyomngoja nyumbani.

Harufu aliipata kwenye uzio. Udi, na ubani mzito juu yake.

Ndani, ukumbi ulikuwa umejaa moshi wa bluu. Bi Ummkulthum amevaa kanga yake ya doti mpya, uso umetulia kama wa zamani. Chetezo kilikuwa chini ya meza, chini kabisa ya sanduku, makaa yakiwa mekundu. Feni ya Haroub ilikuwa ikizunguka vizuri, ikivuta hewa kupitia matundu ya chini. Nyuma ya kioo hapakuonekana mayai. Palionekana weupe mtupu.

"Nimewafukiza, mwanangu," mama akasema. "Nyumba ina wazazi, leo Alhamisi, kesho Ijumaa, haina hata harufu! Watu watatusemaje?"

Bi Asya alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimwona Bi Mwanawema usoni, akasimama.

"Hatukulifungua," alisema. "Wallahi, Mwanawema, hatukuligusa. Makaa nilimpa mie. Si fukizo tu? Mimi nilidhani…" Wanawake wote watatu walifukizwa utotoni, na Bi Mwanawema amesimama katika vyumba vingi vya wazazi akikohoa moshi huohuo, akisubiri bibi amalize kumfukiza mzazi na mtoto.

Alikitoa chetezo nje. Kisha akafungua kifuniko, kwa kuwa kilichokatazwa kufanywa sasa ndicho pekee kilichobaki kufanywa. Moshi ukatoka, na unyevu uliotunzwa humo ukatoka nao. Akachukua yai moja moja, akaliweka sikioni, kama anavyosikiliza tumbo la mama. Kimya. Kimya. La tatu, lenye ufa mpana, mdomo mdogo ulikuwa umetokeza, umefunguka, haujongei. Yale matano yasiyokuwa na ufa yalikuwa mazito na kimya. Katika yai moja tu, lile la pembeni mbali na feni, kitu kiligusa ganda kwa ndani, mara moja, kikapumzika muda mrefu, kikagusa tena.

Alilirudisha, akatia maji ya moto katika bakuli, akafunga. Akampigia Haroub.

"Utando umekauka, nauona. Umekuwa kama karatasi. Niupasue?"

"Usiupasue, dada."

"Nina mkasi mdogo, nimeuchemsha. Nimepasua ngozi za watu, Haroub!"

"Najua. Usiupasue. Mishipa haijafunga. Ngoja."

"Ningoje nini?"

Simuni ilisikika nyundo ya mtu mwingine katika karakana yake. "Mama vipi?" akauliza mwishowe.

"Mama ana furaha," alisema Bi Mwanawema. Ndivyo ilivyokuwa.

Alikaa kwenye kiti cha mama yake, mkasi juu ya kitambaa safi, mikono mapajani. Mara mbili aliinyanyua, mara mbili akairudisha. Ijumaa, watu wakienda msikitini, ganda lilizunguka likafunguka, na kifaranga kimoja kikajitupa nje, kimelowa, kimegandwa na kipande cha utando mgongoni, kichwa kizito. Kililala hivyo muda mrefu. Hakukigusa. Mengine manane aliyazika mwenyewe chini ya mgomba, kwa jembe la palizi, na Bi Asya alikuja akamshikia taa ya simu ingawa bado kulikuwa na mwanga, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Jumamosi asubuhi kifaranga kilikuwa kimekauka, cha manjano, kinasimama kikianguka. Bi Ummkulthum alikuwa ameshatoka uani na bakuli la chicha. "Tii-tii-tii." Bi Mwanawema akamjia, amekikinga katika viganja viwili.

"Mama, tazama. Bata wako."

Bi Ummkulthum alikitazama kwa makini. Alikigusa utosini kwa kidole kimoja.

"Kino cha nani?"

"Chako, mama. Uzao wa wale wa Makoongwe."

"Mbona kinalia? Kina njaa ya mama yake hiki. Kakirejeshe, Mwana."

"Hakina mama."

"Weye ni mkunga, unasema kitoto hakina mama?" Alimtazama binti yake kwa masikitiko, kama mtu aliyeona kosa kwa mtu ambaye hakulitarajia kwake. "Kamrejeshee mwenyewe. Atakuwa anakitafuta."

Kisha akageukia ua, akatikisa bakuli. Chicha zilianguka juu ya mchanga mkavu.

"Na wano bata wangu wako wapi?"

Kifaranga kilitetemeka katika viganja. Bi Mwanawema alivikunja viganja kukitia joto.

"Ngawa amewala, mama."

Bi Ummkulthum akakaa kizingitini, akalia. Binti akakaa kando yake, bega kwa bega. Machozi ya mama yalishuka mpaka kidevuni, na Bi Mwanawema hakuweza kuyafuta, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kifaranga, na akikiachia kitaanguka.