Mwani Ulipogeuka Mweupe

Mimi ni fundi wa miwani. Ninakata vioo katika duka dogo katikati ya mji wa Lubumbashi, na ni dukani nilipomfahamu mama mmoja wa mtaa wa Karavia. Siku alipokuja kuchukua miwani yake, aliniambia anahama nchi na hajui amwachie nani akwariamu yake ya maji ya chumvi. Nilikwenda kuitazama tu. Nikarudi nayo nyumbani kwenye kamioneti, pamoja na kamba mmoja, konokono kadhaa, na samaki wawili wa rangi ya machungwa ndani ya ndoo.

Chini ya akwariamu kulikuwa na sanduku la pili la kioo, lenye taa yake. Yule mama aliliita refuge, kimbilio. Humo hakai samaki. Humo unaoteshwa mwani: maji yenye uchafu wa samaki yanashuka, mwani unakula ule uchafu, na maji yanapanda tena yakiwa safi. Alikuwa na aina mbili za mwani, akataka nichague moja. Wa kwanza ulikuwa na majani yaliyochanika vizuri, ungeweza kuutazama kutwa. Wa pili ulikuwa nyuzi za kijani zilizosokotana, kama waya wa kusugulia sufuria.

“Ile ya majani iko muzuri,” aliniambia, “lakini ikichoka, inajimwanga yote ndani ya maji. Unaamuka, maji iko meupe kama maziwa, samaki banakosa pumzi.”

Nilichagua nyuzi. Sikutaka kitu cha kunitisha nyumbani kwangu.

Na kweli zilinitumikia vizuri. Kila nilipoona zimejaa sanduku nilichota konzi moja nikatupa, na kwa kutupa huko nilikuwa ninatoa uchafu wote ziliokula. Nilizigeuza kwa mkono ili mwanga uzifikie hata zilizo chini, nikaziwashia taa yake samaki walipozimiwa ya kwao. Mke wangu alinicheka. Alisema ninalima bustani isiyolisha mtu.

Kisha tukahamia Ruashi, kwenye nyumba tuliyoijenga wenyewe kidogo kidogo. Tulichimba foraji, kisima kirefu cha bomba, tukavuta maji mpaka ndani. Majirani ambao hawakuwa na maji walikuja kuchota kwetu. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, mtoto wetu wa kwanza baada ya mimba mbili zilizotoka, na alifurahi kwamba hatabeba tena bidoni za maji kichwani.

Maji ya akwariamu hupungua kwa joto, chumvi ikabaki, kwa hiyo unaongeza maji ya kawaida yasiyo na chumvi. Niliongeza ya robine, bomba la jikoni, kama nilivyofanya siku zote kule tulikotoka.

Konokono ndio walioanza. Waliachia kioo wakaanguka chali. Kamba akalala ubavu. Nilipofungua sanduku la chini, nyuzi zangu zilikuwa zimepauka. Nilizishika, zikakatika vidoleni kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Nilipima chumvi, ilikuwa sawa. Nilipima uchafu, haukuwepo. Katika vifaa vya yule mama kulikuwa na kichupa ambacho sikuwahi kukifungua, cha kupima shaba. Nilitia matone kwenye maji ya akwariamu, na maji yakawa buluu, dalili kwamba shaba imo.

Nilichota ya robine, nikatia matone. Buluu tena, nyepesi, lakini buluu.

Tuko Ruashi. Mgodi wa shaba uko pale, tunasikia magari yake. Nilisimama na kile kichupa mkononi, na nyuma yangu nikasikia mke wangu akijaza kikombe.

“Usikunywe!”

Alishtuka hata maji yakamwagika. “Iko nini, papa?”

“Maji. Weka kikombe chini. Tafazali.”

Nilimwonyesha. Hakuuliza kuhusu kamba wala konokono. Aliweka mikono juu ya tumbo, akasema polepole, “Tangu tuhamie minakunywa hii. Minapikia hii.”

“Minajua.”

“Na majirani?”

Tulitoka pamoja kuwaambia. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alitutazama kama wezi. “Sasa munatukatalia maji juu ya samaki?” Nilijaribu kueleza, sauti yangu ikitetemeka, na nadhani ni ule mtetemo uliomfanya aniamini, kwa maana aliinua bidoni yake akaimwaga palepale mlangoni.

Nilipeleka chupa mbili kwenye labo ya mjini, wanapopima maji: moja ya foraji yenyewe, moja ya robine ya jikoni. Wakasema tusubiri. Tulinunua maji. Dukani nilikata vioo vibaya. Kila nilipofumba macho niliona zile nyuzi nyeupe.

Kabla majibu hayajatoka, mke wangu alinipigia simu mchana.

“Mutoto hayacheza tangu asubui.”

Sikumbuki nilivyofunga duka. Nakumbuka ndani ya teksi mke wangu alinishika mkono kwa nguvu mno. Hospitalini muuguzi alimlaza, akampaka mafuta baridi tumboni, akatembeza chombo chake. Kimya. Akakisogeza upande. Kimya tena. Niliangalia kona ya ukuta, sikuweza kumwangalia mke wangu. Halafu ukasikika mdundo, wa haraka, kama mtu anayekimbia bila viatu.

“Alikuwa analala tu,” muuguzi alisema. Mke wangu alilia kwa sauti. Mimi niliketi sakafuni.

Majibu yalitoka baada ya hapo. Mtu wa labo alituketisha. Maji ya foraji hayakuwa na shaba ya kutajwa. Lakini yalikuwa na ukali kidogo, kama wa asidi, na fundi aliyetuwekea mabomba ndani ya nyumba alitumia mabomba ya shaba. Maji yakilala humo, yanayala mabomba. Kwenye akwariamu shaba ilijilundika, kwa sababu maji yanapaa, yenyewe inabaki, na mimi nilizidi kuongeza. Kwa kiasi kilichokuwa kwenye robine, alisema, haoni hatari kwa mtu mzima.

“Na kwa mutoto ya ndani?” mke wangu akauliza.

Yule mtu alikunja karatasi yake. “Mubadilishe mabomba, mama.”

Tuliyang'oa yote, tukaweka ya plastiki. Majirani walirudi kuchota, wa nyumba ya tatu akiwa wa mwisho. Binti yetu alizaliwa akiwa mzima, mwenye kelele. Samaki wawili walipona pia, maana walivumilia kuliko wengine, nikawahamishia kwenye maji mapya. Juzi mfanyabiashara mmoja anayekwenda Dar es Salaam aliniletea mwani mwekundu ndani ya chupa ya jusi, nami nikauweka kwenye ndoo peke yake kwanza, nione kama utakaa.

Mke wangu hupita karibu na ile ndoo akiwa amembeba mtoto. Huinama, huangalia rangi, kisha huniuliza, “Bado iko nyekundu?” Nami huenda kuangalia, hata kama nimetoka kuangalia sasa hivi.