Wimbo Ambao Haukuanzishwa Ambanoro

Kabla sijaifikia siku ninayoikumbuka, mwanangu, yafaa nikueleze kwanza hali zilivyokuwa, kwa maana aibu isiyoelezwa mazingira yake hugeuka kichekesho, nami sikusudii kukuchekesha.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Madagaska. Wafaransa walikuwa wakiondoka maofisini mmoja mmoja, na kila kiti kilichobaki wazi kilikuwa na watu kadhaa wanaokitolea macho. Mjini Mahajanga kila mtu alikuwa akijijengea jina: huyu anatafuta cheo, yule duka, mwingine nyumba ya saruji iliyo juu kuliko ya jirani. Sisemi kwamba kutafuta lilikuwa kosa. Nasema kwamba tulizoea kusema "mimi na watu wangu" wiki nzima, na Jumapili tukaingia na maneno hayo kanisani, bila hata kuyakung'uta mlangoni.

Kanisa letu lilikuwa Tanambao, la mbao na mabati. Tulikuwamo sisi tulioletwa na wazazi wetu kutoka nyanda za juu, watoto wa makarani na walimu. Na walikuwamo Wasakalava wa pwani, wengi wao wachukuzi wa bandarini. Kilichotuunganisha waziwazi kilikuwa kwaya. Sauti ya kwanza na ya pili tulikuwa wasichana wa nyanda za juu. Sauti ya tatu na besi walikuwa wanaume wa pwani. Hakuna aliyepanga hivyo, ila ndivyo ilivyotokea, na kwa sababu hiyo hapakuwa na upande ulioweza kuimba peke yake. Desturi yetu ilikuwa kwamba kiongozi wa sauti ya kwanza auanzishe wimbo kwa mstari mmoja, ndipo wengine waingie. Kiongozi huyo nilikuwa mimi.

Sikukuu ya uhuru ilipokaribia, tulialikwa kuimba mbele ya wakubwa wa mji, na ilijulikana kwamba mpiga picha angekuwapo. Sisi tukasema wasichana wasimame mbele kama kawaida. Velo, kiongozi wa besi, akasema safari hii watu wa pwani wasimame mbele katika mji wao.

"Binti wa karani," aliniambia mbele ya wote, "wewe ulizaliwa umesimama mstari wa mbele?"

"Nilizaliwa katika nyumba ya watu wanaosoma noti za muziki," nikamjibu. "Wewe humsikiliza jirani yako kwanza, ndipo ufungue kinywa."

Wenzangu wakacheka, na kicheko chao kikanipendeza. Jumapili iliyofuata wanaume hawakuja kuimba. Walianza kukutana uani kwa Velo, wakajiita kwaya. Sisi tuliobaki tukajiita kwaya vilevile. Mchungaji alituonya, tukamsikiliza kwa adabu, kisha tukaendelea.

Mtu mmoja tu aliendelea kuhudhuria mazoezi ya pande zote mbili, naye hakuwa mwimbaji. Tulimwita Dady Soa. *Dady*, kwa Kimalagasi cha kaskazini, ni bibi. Alizaliwa Ambanoro, kisiwani Nosy Be, katika ukoo wa Waislamu wenye asili ya Ngazija, na katika ukoo ule mzima yeye peke yake ndiye aliyebatizwa. Alikuja na mihogo ya kuchemsha kwetu, kisha akaenda na mingine uani kwa Velo, wala hakutwambia neno lolote la lawama. Alipougua akatuita. Ilimbidi atupokee kwa zamu, kwa kuwa hatukutaka kuketi chumba kimoja, na kila upande akautolea ombi lile lile: azikwe kwao, nasi tumwimbie kaburini wimbo aliokuwa akiupenda, kwa sauti zote nne.

"Kwa miaka yote nimewaambia jamaa zangu kwamba nina ndugu Mahajanga," alisema. "Nataka wawasikie."

Tuliahidi. Wao nao waliahidi.

Jeneza lake lilipelekwa kwa meli ya pwani hadi Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, nasi tukasafiri nalo. Wasichana tulikaa upande wa mbele, wanaume upande wa nyuma, yeye katikati. Kila kundi lilifanya mazoezi ya sehemu yake. Mama mmoja mwenye makapu ya vitunguu akatusikiliza huku na huku, kisha akauliza kwa sauti, "Jamani, wimbo huu mnauuza kwa vipande?" Abiria wakacheka. Ningalitaka kukwambia kwamba niliona haya wakati ule ule. Nilikasirika tu.

Kaburini Ambanoro tulisimama hivyo hivyo, sisi upande huu, wao upande ule. Mchungaji akamaliza kusoma, akanitazama. Wimbo niliujua na koo langu lilikuwa zima. Lakini nilikuwa nimeazimia kwamba besi hawataingia juu ya sauti yangu mpaka wavuke na kusimama nyuma yetu. Na Velo, niliona usoni mwake, alikuwa ameazimia kutovuka. Wenye majembe wakasubiri. Mwanamke mmoja wa ukoo akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Labda ndivyo wanavyoomba."

"Anzisha," mchungaji akaniambia polepole.

Sikuanzisha.

Aliyesema mwishowe alikuwa Mzee Abudu, kaka wa marehemu kwa upande wa baba, mzee wa msikitini. "Yatosha," alisema. "Mteremsheni." Wakamteremsha Dady Soa bila wimbo.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mzee akatukaribia. Hakupandisha sauti.

"Dada yangu alipobatizwa nilimkasirikia, binti yangu. Nikamwuliza, unatuacha uende kwa nani? Akasema, kwa ndugu. Kila alipokuja likizo alinitajia majina yenu." Akamgeukia Velo, kisha akanirudia mimi. "Leo nilikuwa nimejiandaa kuwaombeni radhi kwa kuwa sikumwamini."

Tukainamisha vichwa. Naye akaongeza, "Haya, twendeni nyumbani. Wali uko tayari. Ninyi ni wageni wake." Tukaenda, tukala chakula cha watu tuliowanyima kitu kimoja walichokuwa wakikingojea, nao wakatunawisha mikono kana kwamba tumetimiza wajibu wetu.

Mwanangu, Bwana wetu aliomba wafuasi wake wawe kitu kimoja ili ulimwengu upate kuamini. Nilikuwa nimeisoma sala hiyo mara nyingi, nikidhani ulimwengu ni neno kubwa lenye maana ya mbali. Siku ile ulimwengu ulikuwa Mzee Abudu, amesimama kando ya kaburi la dada yake, akisubiri. Wala hatukutenganishwa na jambo zito la imani, ambalo huenda ningeweza kulitetea mbele yako leo. Tulitenganishwa na mahali pa kusimama.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukiwa kanisani, au popote ambapo umepewa kuanzisha, usingoje mwenzako avuke ndipo uanze. Anzisha akiwa ng'ambo; kama ataingia au hataingia, hilo atajibu yeye. Dunia iliyokuzunguka itakufundisha kuhesabu nafasi yako kabla ya kazi yako, nayo hufundisha vizuri kuliko mimi. Basi kila unapoingia mahali pa ibada, jiulize ni nani anayekusubiri nje ya kundi lako, na ni ahadi ya nani uliyobeba.

Mungu akupe sauti, akupe na ndugu wa kuingia baada yako. Akulinde na kicheko cha wenzako pale kinapokupendeza kupita kiasi. Na siku yako itakapofika, asikosekane wa kukuanzishia.

Tulirudi kuwa kwaya moja kabla ya Krismasi ya mwaka ule, na wimbo wa Dady Soa tukauimba kwa sauti zote nne. Tuliuimba Mahajanga. Kaburi lake liko Ambanoro.