Jina Ambalo Bibi Aliliruka

Nilipokuwa mtoto, wa umri ule wa kubebeshwa mtoto mwenzangu mgongoni, mdogo wangu aliugua mpaka akakataa ziwa. Kwetu, upande wa Ikungi, mtoto akikohoa watu walitafuta majani, akiharisha walitafuta mizizi, lakini akikataa ziwa la mama yake walitafuta jina. Ilisemekana yuko marehemu wa ukoo aliyesahauliwa, naye anambana mtoto koo mpaka aitwe. Msicheke. Ninyi mnaamini mambo mengi ya ajabu kuliko hayo, tena mnayapata kwenye simu.

Nyumbani tulikuwa wanne. Bibi mzaa baba, mama, mimi, na huyo mdogo wangu, ambaye bibi alimpa jina la marehemu mume wake, Ntandu, siku ileile aliyozaliwa, bila kumuuliza mtu. Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama wanaume wengi wa kwetu siku zile za Mwingereza, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa baba, jumbe na polisi wa nyumba. Mama alikuwa mtu wa kimya. Alipoongea na mama mkwe wake aliangalia chini, kwenye vidole vya miguu. Ndivyo wake walivyofundwa, na kwa bibi yangu mafunzo hayo yalisaidia sana, maana uso wenyewe haukuwa wa kutazamwa kwa raha.

Mvua zilikuwa zimekwisha na watu wanavuna uwele. Mimi nilibaki pembeni ya shamba na mtoto mgongoni, nikasikia joto linapita kwenye kaniki mpaka kwenye ngozi yangu. Nikadhani ni jua. Baadaye akalegea, akawa mzito kama kibuyu kilichojaa maji. Mama alipomchukua na kumpa ziwa, mtoto aligeuza shingo. Akampa la pili, akageuza tena. Hakulia. Mtoto anayelia anakupa nafasi ya kukasirika. Huyu alikuwa ametulia tu, macho nusu, na mama akaanza kukimbia kabla hajajua anakimbilia wapi.

Tulimpeleka dispensari. Dresa, mtu wa dawa wa pale, alikuwa Mnyiramba mmoja mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alimgusa mtoto tumbo, akamfunua jicho, akamnywesha kwinini aliyoiponda na kuikoroga, nyingine mtoto akaitema kifuani kwa huyo dresa. Kaptula haikumsaidia. Akatupatia nyingine ya kwenda nayo, akamwambia mama maneno ambayo nilimsimulia bibi tulipofika, kwa sababu mama hakuweza kuyasema: homa ataishusha yeye, lakini mtoto asiponyonya mpaka kesho, wasimlaumu mtu wa dawa.

Bibi alisikiliza, akaguna. Akasema huyo dresa ana akili kidogo. Kesho yake asubuhi akaoga, akamwaga maji mlangoni, akamkalisha mama kwenye ngozi ya ng'ombe akiwa na mtoto mapajani, akaanza kuita.

Ilikuwa hivi. Mwanamke mkuu wa nyumba ndiye anayeita majina ya wafu wa ukoo, moja moja, kwa kinywa chake mwenyewe. Akiita mwingine haihesabiki. Kila jina likishatajwa, mtoto anapewa ziwa. Jina ambalo likitajwa atanyonya, ndilo lililokuwa linalia, na kuanzia hapo ndilo jina lake, apende asipende.

Bibi aliwaita wote. Alimwita baba mkwe wake, akamwita mama mkwe wake, ingawa hawakupatana. Aliwaita waliokufa kwa njaa na waliochukuliwa na Mjerumani kubeba mizigo wasirudi. Alimwita hata shangazi mmoja ambaye hakuolewa wala hakuzaa, ambaye kazi yake maishani ilikuwa kuonja pombe za wenzake. Kila mmoja aliambiwa kwa adabu, njoo unyonye. Mtoto hakufungua mdomo. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na kila mara mama alipoigusisha ziwa mimi nilikuwa nafungua mdomo wangu, kama naweza kumsaidia.

Mwisho bibi akasimama, akajifunga nguo yake kiunoni, akasema wafu wamekataa. Akatoka nje akachukua ungo, akaanza kupepeta uwele. Mtoto wa mwanawe anakufa ndani, yeye anapepeta. Nilimchukia siku hiyo. Sasa nami ni mzee kama yeye, najua kwamba mikono isipokuwa na kazi saa kama hiyo, inaweza kufanya jambo baya.

Mama alibaki ameinama kwa muda. Kisha akanyanyuka na mtoto, akatoka, akaenda kusimama mbele ya bibi, karibu kiasi kwamba makapi yalimwangukia miguuni. Na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mama aliinua uso akamtazama.

"Mama," akasema, "kuna jina umeliruka."

Ungo haukusimama. "Lile si jina," bibi akajibu. "Lile ni kero."

"Ni kero ya ukoo huu, mama. Mimi nimeolewa nayo."

Kila mtu pale kijijini, hata mimi mtoto, alijua ni jina gani. Babu alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Hango. Siku moja kwenye sherehe ya kutahiri, mbele ya wazee na wageni, huyo Hango alitafuna tonge la bibi, akalitema kiganjani, akawaonyesha watu, akasema ugali wa shemeji yake una mchanga, na kwamba kaka yake akifa apasuliwe tumbo litakutwa jiwe la kusagia. Watu walicheka hadi wakamwaga pombe. Bibi hakumsemesha tena mpaka alipokufa. Msibani kwake alikaa akijikuna goti. Na aliapa mbele ya watu kwamba jina lile halitapita kinywani mwake.

Mnaona alivyobanwa. Ni yeye tu aliyeweza kuliita, na ni yeye tu aliyeapa.

"Niliapa," akasema, na mara hii ungo ulisimama.

"Basi lipitishe tu, mama. Halafu uliteme."

Bibi alimtazama mama, akamtazama mtoto. Shingo ya mtoto ilikuwa imeangukia kwenye kiwiko cha mama kama bua lililovunjika. Akaweka ungo chini. Akaniambia nilete maji. Nikaleta kwenye kata, akasukutua, akatema upande wa zizi la ng'ombe, akasukutua tena, kama mtu anayejiandaa kumeza dawa ya minyoo. Kisha akanong'ona kitu.

"Hajasikia," mama akasema.

Nilijua bibi atampiga. Hakumpiga. Alipiga magoti pale pale kwenye makapi, akasogeza mdomo karibu na sikio la mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni asiyempenda:

"Hango. Shemeji. Njoo unyonye. Maziwa haya sikuyasaga mimi."

Mama alikamua tone likaangukia kwenye midomo iliyopasuka. Ulimi ukatoka. Ukarudi. Ukatoka tena, ukatafuta, ukapata, na mtoto akavuta. Akavuta vibaya, akapaliwa, akavuta tena. Mama akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamdondokea mtoto usoni, na bibi akamgombeza kwamba atamzamisha shemeji yake.

Mjukuu wangu, muuguzi huko mjini, upande wa Mandewa, anasema ilikuwa malaria na kwinini ilikuwa imeanza kufanya kazi. Sibishani naye. Nami nimesoma hadi darasa la nne, najua mbu ni nini. Namwambia tu kwamba dresa mwenye kaptula na bibi mwenye ungo walikuwa wanasubiri kitu kilekile: mdomo ufunguke. Kila mmoja alitumia alichonacho. Mtoto naye hakusema anamshukuru nani, alinyonya.

Jina la Ntandu likavuliwa siku hiyo, na mdogo wangu akawa Hango. Baba aliporudi alikuta mwana aliyemwacha tumboni anaitwa jina la baba yake mdogo, akakubali bila kuuliza. Bibi alimwita shemeji kwa heshima zote, na kumtukana kwa heshima hizohizo. Mtoto alipomng'ata mama wakati wa kuota meno, bibi akasema tabia haizikwi. Alipokojoa kwenye nguo ya bibi, akaambiwa kwamba kaburini angalau alikuwa amejifunza kukaa kimya. Siku ya kulishwa ugali kwa mara ya kwanza, bibi alisaga uwele mara mbili, akauchekecha, akausaga tena, akamega kitonge, akakaa mbele yake kumchunguza uso kama karani wa mahakama. Mtoto alimeza, akanyoosha mkono apewe kingine. Bibi akatoka nje, tukasikia kigelegele kimoja, kifupi, kama mtu anayekohoa.

Hango yuko hai mpaka leo, ni mzee, ana wake na wajukuu na ng'ombe, na anajisifu kupita kiasi. Kama wafu wanaona njaa ya majina yao, mimi sijui, na nitajua karibuni, hakuna haraka. Ninachokijua ni kwamba bibi yangu alikuwa mwanamke wa kiburi kuliko wote niliowahi kuwaona, na alikishusha chini kwenye makapi, mchana kweupe, mbele ya mke wa mwanawe, ili mtoto apate tone la maziwa. Na mama, aliyekuwa haongei, alijua siku ya kuongea. Kati ya hao wawili mdogo wangu alipita salama.

Mimi mwenyewe ninalo jina moja ambalo sijalitamka tangu nikiwa na meno yote. Wajukuu wangu wote ni wazima, nashukuru, bado sijalazimika.