Siku Kidato cha Tatu Kiliponibeba

Kuna asubuhi moja ya Heru Juu, kule Kasulu, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa ukungu, kama kitu nilichokiota. Sehemu ya ukungu huo ni ya malaria; iliyobaki ni ya umri.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na mashati mawili meupe, nikapewa kufundisha historia katika sekondari ya huko na, Mungu anisamehe, kusimamia nidhamu. Sheria niliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja: mwanafunzi asiongee Kiha, lugha ya nyumbani kwao, mbele yangu. Kiingereza tu. Aliyekosea alifyeka nyasi, na Yeremia wa kidato cha tatu, aliyenizidi ndevu, alikuwa amefyeka karibu uwanja mzima.

Basi homa ikanikamata wakati wa mvua. Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakimbizi wakiingia kutoka Burundi, na magari yote yalikuwa yameelekea makambini. Wanafunzi wakaja na machela ya mianzi na blanketi, kama watu wa huku wanavyowapeleka wagonjwa wao hospitali. Nikasema nitatembea. Mwalimu wa nidhamu abebwe kama mtoto? Nilipovuka mlango tu, vilima vikaanza kuogelea, nikajikuta nimeketi kwenye tope.

"Lala, mwalimu," Yeremia akasema. "Ukitufia hapa, mama yako tutamwambia nini?"

Wakanibeba wanne, wengine wakifuata ili wapokezane. Kubeba machela ni kazi ya mdomo pia. Wa mbele huona njia na kutangaza jiwe, shimo, utelezi. Wa nyuma, ambaye haoni kitu, huitikia na kupanga mguu. Lakini mimi nilikuwa nimelala pale katikati, pamoja na sheria yangu. Ikabidi watafute maneno ya Kiingereza, na neno la jiwe likawa linafika baada ya jiwe lenyewe. Nami, meno yakigongana kwa baridi, nilikuwa nawasahihisha!

Kwenye mteremko wa kijito, wa nyuma akateleza, machela ikainama, nikayaona maji yakinisubiri. Wakanishusha. Yeremia akachuchumaa karibu na sikio langu.

"Mwalimu, kwa Kiingereza tutakumwaga."

Kiburi hakina haraka, hata mwenyewe akiwa anakufa. Kisha nikasema, "Ongeeni mnavyojua. Nisaidieni."

Wakaninyanyua tena. "Ibhuye!" akaita wa mbele, na jiwe likapita chini yetu bila kunitikisa. Nyuma wakaitikia. Mwito na kiitikio vikaingiliana, machela ikaacha kuruka, ikaelea, nami nikahisi niko mgongoni kwa mama, kabla sijajua kusoma. Watu waliacha majembe kwenye mihogo wakatia bega bila kuombwa.

"Mwalimu huyu mzito! Anakula vitabu?" mmoja akalalamika.

Wakacheka, nami nikacheka nao. Daktari wa Kasulu aliniambia kwamba kama ningechelewa hadi jioni, nisingefika hai.

Wewe unayeanza ualimu, mwanangu, simamia unachokijua. Usichokiweza kiombe kwa wanafunzi wako, tena ukiombe mapema, na wakishakubali usiwasimamie. Heshima yako haitapungua. Watakuheshimu kwa sababu umewakabidhi uzito wako. Mungu akupe afya na darasa lenye upendo, na siku miguu yako itakapokataa, akujalie moyo wa kulala ukabebwa.